Kutoa na kupokea maoni ya picha bila kuvunjana moyo: mwongozo kamili kwa sisi tunaopiga kwa mapenzi tu

Ukituma picha kwenye grupu lolote la wapiga picha hapa Dar utaletewa alama za moto, "kali sana bro", "umetisha", alafu basi imeisha. Au siku ikiwa mbaya anatokea mtu mmoja anaandika "hii nayo picha?" na anapotea. Sasa yule aliyeamka alfajiri akaenda soko la samaki pale Feri kupiga wavuvi wanashusha mzigo, kati ya hayo mawili amepata nini? Kesho akirudi pale hajui abadilishe nini, na hajui pia aache nini kama kilivyo. Hili la pili watu wanalisahau mno, mtu anahitaji kujua kilichofanya kazi ili akirudie kwa makusudi, maana mara nyingi alikipata kwa bahati na hajakiona.

Mi naamini maoni mazuri ya picha ni mawili tu: mwambie mwenzako macho yako yalifanya nini ulipoiangalia, kisha mpe kitu kimoja anachoweza kukijaribu akirudi na kamera yake. Mengine yote hapa chini ni namna ya kufika hapo, kwanza kwa anayetoa, halafu kwa anayepokea.

Hatua ya 1: Iangalie kweli

Usitoe maoni kwa picha uliyoipita huku unasukuma skrini na kidole gumba. Ifungue, ipe nafasi skrini nzima, ongeza mwanga wa simu maana ukiwa juani na mwanga umeushusha kila picha utaiona ina giza na utamlaumu mtu bure. Kaa nayo kidogo kimya. Jicho lilianzia wapi? Likaenda wapi? Lilikwama wapi, likatoka nje ya fremu kona gani? Hivyo ndo vitu unavyotakiwa kuvikamata mapema, kwa sababu ukishaizoea picha huwezi tena kuiona kama mgeni na mwenzako anachohitaji hasa ni macho ya mgeni.

Alafu ndo uzunguke kwenye kingo zote nne. Kingo zinasema mengi, mkono uliokatwa kwenye kiganja, nusu ya bodaboda imeingia bila kualikwa, waya wa umeme unatoka kichwani kwa bibi harusi.

Hatua ya 2: Uliza alikuwa anatafuta nini

Hii ukiiruka kila utakachosema kinaweza kuwa hakina maana. Chukua wale vijana wanaoruka baharini pale Forodhani jioni, picha ambayo karibu kila aliyefika Unguja na kamera ameijaribu. Pale unaangalia magharibi, jua liko nyuma yao, kwahiyo ukipimia mwanga kwenye anga vijana wanatoka weusi kabisa, umbo tu. Mtu mmoja atasema "sura hazionekani, umeharibu". Kumbe mwenye picha alitaka umbo tu, alitaka ule mkunjo wa mwili hewani. Ukimuuliza kwanza "ulitaka tuone sura au umbo?" mazungumzo yanabadilika kabisa, kama alitaka umbo unamwambia kitu cha kumsaidia kwenye umbo, mfano vijana wawili wamepishana miili imeungana imekuwa donge moja, subiri upate nafasi kati yao. Au mstari wa bahari umepita shingoni kwa aliyeruka, shuka chini upige ukiwa umechuchumaa ili kichwa chake kiwe angani. Na kama alitaka sura basi unaongelea mwanga, kwamba angegeuka upande wa pili akawapiga wakiwa wanakimbia kuja ukutani na jua linawapiga usoni.

Swali moja tu limekuonyesha ushauri upi una maana, na halimgharimu mtu chochote.

Hatua ya 3: Sema ulichokiona kabla hujasema kizuri au kibaya

"Background imechafuka" haimwambii mtu kitu, hata tukiiandika kwa Kiswahili safi. Sema hivi: "Kaka, jicho langu lilianza kwenye ile ndoo nyekundu kule kushoto, nikachelewa kumuona mvuvi." Hapo hujamhukumu, umempa taarifa ambayo yeye peke yake asingeweza kuipata kwa sababu yeye alikuwepo, alisikia kelele za soko na harufu, alijua mvuvi ndo habari yenyewe. Sisi tuna fremu tu.

Na kwenye kusifia ni hivyo hivyo. Badala ya "nzuri sana dada" sema "ule mkono wake ulioshika kamba ndo umenishika, na vile mwanga umepita kwenye mishipa ya mkono tu sehemu nyingine kukabaki kivuli". Sasa dada anajua. Wiki ijayo atatafuta mikono na mwanga wa pembeni.

Hatua ya 4: Tatizo limezaliwa wapi?

Kabla hujatoa ushauri jiulize kama tatizo lilitokea kabla ya kubonyeza, wakati wa kubonyeza, au baadae kwenye kuediti. Watu wanachanganya sana hapa wanamwambia mtu "rekebisha kwenye Lightroom" (programu ya kuediti picha) kitu ambacho alitakiwa asogee hatua mbili kulia, na tabia hiyo inamfundisha kukaa kwenye simu badala ya kutembea.

Kabla ya kubonyeza ni mahali ulipokaa, muda, nani yuko nyuma. Wakati wa kubonyeza ni fokasi, spidi ya shata (muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga), mwanga. Picha ikiwa haiko shapu angalia vizuri kabla hujasema "fokasi imekukataa". Kama kila kitu kwenye fremu kimetikisika kwa mwelekeo mmoja, mkono ndo umetikisika na dawa yake ni spidi, kanuni ya zamani inasema shata isishuke chini ya 1 kugawa kwa urefu wa lenzi, lenzi ya 50mm basi angalau 1/50 ya sekunde, na kama kamera yako ina sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) panda mpaka 1/80. Kama nyumba iko shapu na mtoto tu ndo ana mkia wa ukungu, mtoto alikuwa anakimbia, mpeleke 1/500 huko. Kama masikio ya mtu yametoka shapu na macho hayajatoka shapu, hapo ndo fokasi kweli. Ni matatizo matatu tofauti yenye dawa tatu tofauti, na ukitoa dawa isiyo yake mwenzako ataenda kuhangaika bure na atarudi na tatizo lile lile.

Baadae kwenye kuediti kuna upeo wa bahari uliolala, anga lililokuwa la bluu mpaka linaumiza, kukropu, filta. Hayo yanarekebishika leo leo, kwahiyo yaseme mwisho na kwa kifupi.

Hatua ya 5: Ngozi yetu na jua letu, hapa nakaa kidogo

Nimeona maoni mengi mno ya "mtu wako ametoka mweusi sana, muongezee mwanga" na inaniuma kila nikisoma, maana inafanya ngozi ya mtu ionekane ndo kosa. Kosa liko kwenye kipimo. Kamera inapima mwanga kwa kudhani kwamba ukichanganya kila kitu kwenye fremu unapata kijivu cha kati, kile wanachokiita asilimia 18. Sasa msimamishe mzee mwenye kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa, kamera inaona weupe umejaa, inadhani mwanga umezidi, inashusha kila kitu na sura ya mzee inazama. Ushauri sahihi ni "pimia usoni", kwenye simu gusa sura yake, ikiwa bado imezama vuta ile alama ya jua juu kidogo, na kwenye kamera inayopima fremu nzima tumia kile kitufe cha +/- cha kuongeza au kupunguza mwanga, weka +0.7 mpaka +1. Na kinyume chake kipo, ukipiga sura karibu ikajaza fremu na nyuma kuna giza, kamera inapandisha mwanga, ngozi inatoka ya majivu na paji la uso linaungua, yani linabaki doa jeupe. Hapo unashusha, -0.3, -0.7.

Na hili halikuanza na simu. Kodak, kampuni ya filamu za kamera, kwa miaka mingi walikuwa wanapeleka kwenye maabara za kusafisha picha kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilijulikana kama kadi za Shirley, na ngozi yake ndo ilikuwa kipimo cha rangi kutoka sawa. Google walipotoa simu yao ya Pixel 6 mwaka 2021 walikuja na kitu wanachokiita Real Tone, kazi yake hasa ni ngozi nyeusi itoke ilivyo, yani mpaka mwaka huo bado lilikuwa ni jambo la kutangaza kama kitu kipya. Kwahiyo ukimpa mtu maoni kuhusu ngozi angalia vitu hivi: je tunaona umbo la uso, yani shavu linapoishia na kivuli kinapoanzia? Je rangi ina joto lake au imekuwa kijivu? Je kuna mng'ao mzuri kwenye ngozi au umegeuka doa jeupe? Na kama mtu kamuweupisha bibi harusi kwa filta mpaka shingo na uso ni watu wawili, mwambie, taratibu lakini mwambie, kwamba bibi harusi mwenyewe ana rangi nzuri na picha imemnyang'anya.

Ukifika Mji Mkongwe pita Capital Art Studio, studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, angalia zile picha za zamani za nyeusi na nyeupe. Utaona watu wa rangi zote wamepigwa na kila mmoja sura yake ipo. Kukaa mbele ya picha kama zile kunakufundisha kuongea kuhusu mwanga kuliko video nyingi.

Kuhusu video sasa. Ushauri mwingi tunaoupeleka kwa wenzetu tumeutoa kwa watu wa Ulaya na Marekani kaskazini, ambako jua la kiangazi linashuka kwa kulala na mwanga wa dhahabu unakaa muda mrefu. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linashuka karibu wima, Dar linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro mwaka mzima na ule mwanga mzuri unapita fasta. Ukimwambia mwenzako "subiri mwanga wa jioni" mwambie pia afike saa kumi na moja akiwa ameshachagua mahali pa kusimama. Na ile ya "usipige mchana" haina msaada kwa anayepiga harusi au mkutano, hasa mwanzoni mwa mwezi wa tatu na mwezi wa kumi ambapo saa sita jua la Dar linakuwa utosini kabisa na macho ya watu yanageuka mashimo. Mpe kitu cha kufanya: muingize mtu kwenye kibaraza au mlangoni, akae kivulini uso ukiangalia nje kwenye uwanja uliopigwa na jua, mchanga na ukuta vitarudisha mwanga usoni kwake.

Hatua ya 6: Toa kitu kimoja, na angalia unaongea na nani

Hata ukiona makosa saba, toa moja lile ambalo likibadilika picha inapanda zaidi. Saba yote hakuna mtu anayeyabeba, atatoka hapo na hisia tu kwamba hajui kupiga picha.

Lugha nayo. Kwa rika lako unaweza kuwa moja kwa moja, "ungechuchumaa hapa ingekuwa hatari". Kwa mtu mzima aliyekuzidi umri heshima haiondoki kwa sababu ya kamera, muamkie kwanza, "Shikamoo mzee, picha nimeiona, ule mwanga wa dirishani umenigusa sana, naomba niulize, huyu mtu wa nyuma kulia ulimuacha makusudi?" Umeshasema kila kitu na mzee hajaaibishwa, na kama alimuacha makusudi utajifunza wewe. Kwa anayeanza, hasa mdogo mdogo mwenye simu ya kawaida, usimwambie akanunue kitu. "Tatizo ni simu" ni maoni ya kumfukuza mtu kwenye hii kazi. Kusogea, kusubiri, kuinama, kugeuka, vyote ni bure.

Na kama jambo ni zito, au mtu hajaomba maoni, mfuate inbox.

Sasa zamu ya anayepokea

Kwanza chagua. Usimwage picha thelathini za safari ya Bagamoyo ukategemea watu wachambue, tuma moja au mbili ambazo zinakusumbua kichwa. Unaweza kuongeza fremu ulizopiga kabla na baada ya hiyo, hiyo inasaidia mno kwa sababu mtu anaona ulivyokuwa unafikiri, na mara nyingine anakwambia "bora ile ya tatu".

Tuma vizuri. WhatsApp ukituma kama picha ya kawaida inaibana na inafuta taarifa za kamera, watu wataanza kukulaumu kwa ukungu ambao siyo wako. Tuma kama dokumenti, hapo ubora unabaki na mtu anaweza kuona spidi, ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) na lenzi. Ila kumbuka hiyo hiyo inaweza kubeba na eneo ulipopigia, kwahiyo picha za nyumbani na za watoto zima lokesheni kwenye kamera ya simu kabla hujapiga.

Alafu uliza swali. "Mnaionaje?" inaleta "kali sana". Jaribu "nilitaka ionekane huyu mama amechoka lakini ana raha, mnaliona hilo?" au "nimekropu juu, nimebana sana?" Swali likiwa na kona watu wanajibu penye kona.

Kisha nyamaza. Hii ni ngumu kuliko zote. Mtu anasema "sikumuona mvuvi" na wewe unaanza "aah pale kulikuwa na watu wengi, askari alikuwa ananifukuza, betri ilikuwa inaisha". Picha yako itaenda kwa watu bila wewe pembeni kuielezea, kwahiyo kama hakumuona, hakumuona, taarifa hiyo ni dhahabu. Andika kwenye notes za simu, sema "asante, nimekupata", kama hujaelewa uliza "ungesimama wapi wewe?" na siyo zaidi.

Usijibu kitu siku hiyo hiyo kama kimekuchoma. Lala, irudie kesho.

Kwenye kuchuja, angalia nani anasema nini kuhusu nini. Shangazi yako ambaye hajawahi kushika kamera akisema "huyu mtoto anaonekana ana huzuni" msikilize kabisa, yeye ni mtazamaji na hisia yake haina ubishi, ila akisema "ungeweka rangi nyingi" unaweza kuiacha. Mtaalamu wa harusi atakushauri kila kitu kiwe safi na laini, ushauri mzuri kwa harusi, lakini picha zako za Kariakoo zinaweza kuuliwa na usafi huo. Watu watatu wasiojuana wakikwama mahali pamoja, pale kuna jambo hata kama dawa wanazotoa zinapingana. Mara nyingi watu wanapatia mahali panapouma na wanakosea dawa, kwahiyo chukua mahali, dawa tafuta mwenyewe.

Na kuna maoni ya kuacha kabisa: yanayokuongelea wewe badala ya picha, yanayokuambia upige kama fulani, na yale ya mtu ambaye hajaifungua hata picha. Huna haja ya kubishana nayo.

Baada ya hapo rudi pale pale. Kama waliongelea kusimama, rudi Feri usimame kwingine, badilisha kitu kimoja tu ili uone kimefanya nini, piga, weka ya zamani na mpya pembeni pembeni. Ukiona ushauri haujafanya kazi sema pia, aliyekushauri atajifunza.

Mtu aliye ndani ya picha

Kuna swali linaloachwa na lazima liulizwe kwenye kila kikao: huyu mtu anajua? Hasa akina mama, hasa Zanzibar na Lamu ambako kumpiga mtu bila ruhusa ni kumvunjia heshima, na hasa watoto na wagonjwa. Picha inaweza kuwa na mwanga wa ajabu na bado maoni sahihi yakawa "usiitume tena hii". Sheria nazo zipo, Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2019 na Tanzania ya 2022, ila kabla ya sheria kuna ubinadamu, jiulize kama huyo mama angekuwa amekaa hapa kwenye mkeka na nyinyi mngeongea hivi hivi?

Mkikutana ana kwa ana

Hiki ndo kikao ninachokipenda. Watu watano sita, kila mmoja na picha mbili zilizochapishwa, hata za sentimita 10 kwa 15 tu, kwenye karatasi watu wanaangalia taratibu na hakuna meseji inayoingia katikati. Mwenye picha anasema alichokuwa anatafuta kwa sentensi moja kisha anakaa kimya. Anayeanza kuongea awe yule mgeni kuliko wote, kwa sababu mwenye uzoefu akitangulia wote waliobaki watasema "kama alivyosema kaka hapo" na mtapoteza macho ya wengine wote. Kila mtu aseme jicho lake lilipoanzia na kitu kimoja cha kujaribu. Mwenye uzoefu anafunga. Mwisho mwenye picha anachagua jambo moja, moja tu, analisema kwa sauti na mtu analiandika, na kikao kijacho anakuja na picha ya jambo hilo kabla ya kuonyesha nyingine yoyote.